Tuhesabu Matumbawe Yaliyozaa

Ndugu wenyeji wetu, wanafunzi, wazamiaji wenzangu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja jioni hii, ahsanteni sana.

Nimekuja na kitu kidogo mkononi. Ni kisahani cha zege, upana wake haupiti kifuniko cha chupa ya maji. Juu yake pana kinundu cheupe, kigumu, chenye vitundu kama vilivyotobolewa kwa sindano. Nitakipitisha, kila mmoja akishike. Msiogope kukivunja, kimekwisha kuharibika. Kinundu hicho kilikuwa tumbawe hai, na aliyekipanda ni mimi.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kupanda matumbawe. Tulikuwa kikundi kidogo, tukashinda majini wiki tatu mfululizo, tukabandika visahani kama hiki kimoja baada ya kingine kwenye mwamba uliokufa. Siku ya mwisho tulipiga picha. Ripoti ikaandikwa, na mstari wake wa kwanza ulitaja idadi ya vipande vilivyopandwa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nilirudi pale baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Vilivyo hai vilihesabika kwa vidole vya mikono. Vingine vilifunikwa na mwani mrefu ukichezacheza kama nywele. Vingine vilibanduka na mawimbi, vikalala kifudifudi mchangani. Mahali penyewe tulipachagua kwa kuwa boti lilifika kwa urahisi, na hatukuuliza hata mara moja mbona hapakuwa na samaki aina ya pono. Pono ndiye anayekwangua mwani kwenye mwamba. Pasipo na pono, mwani hukua haraka kuliko tumbawe, na tumbawe hukosa mwanga na nafasi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ripoti. Haikubadilika. Idadi ile ya vilivyopandwa imebaki pale pale, na mpaka leo nasikia ikitajwa kama mafanikio.

Kwa hiyo nimekuja na ombi moja. Ufundi wa kuotesha matumbawe upo, na sehemu yake ni ya kustaajabisha kweli, nitawaeleza. Ninachoomba ni tubadili tunachokihesabu. Tuache kuhesabu tumbawe lililopandwa, tuhesabu lililozaa.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana wengi humwona kama jiwe, na waliosogea kidogo humwona kama mmea. Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni ukoo mzima wa wanyama wadogo waitwao polipu. Kila mmoja ana mdomo wake na minyiri yake, wameungana nyama kwa nyama juu ya nyumba ya chokaa waliyojijengea. Ndani ya nyama hiyo kuna wapangaji: mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Mwani huo hupika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba, kiasi kinachoweza kufikia asilimia 90 ya nguvu anayohitaji. Hata rangi ya tumbawe kwa sehemu kubwa ni ya mpangaji.

Sasa maji yakipanda nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, maelewano huvunjika. Mwani hutolewa nje, na mfupa mweupe huonekana kupitia nyama. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa, lina njaa. Joto likishuka mapema, mwani hurudi. Likichelewa, basi. Dunia imeshuhudia vipindi vinne vya kupauka kulikoenea bahari zote: mwaka 1998, mwaka 2010, kile kirefu cha 2014 hadi 2017, na cha nne kilichotangazwa Aprili 2024. Kati ya 2009 na 2018 peke yake dunia ilipoteza karibu asilimia 14 ya matumbawe yake. Na hii ni miamba isiyofunika hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ila robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea.

Katika hali hiyo, watu walianza kuotesha.

Njia iliyoenea zaidi ni ya kitalu. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi wa Israel, Baruch Rinkevich, alipendekeza tufanye kama wafanyavyo wanaopanda misitu: usichukue kipande kichanga ukakitupa porini moja kwa moja, kikuze kwanza mahali salama, kikishapata nguvu ndipo ukihamishe. Kitalu cha matumbawe huning'inia katikati ya maji. Kimoja kinachotumika sana kina umbo la mti: bomba la plastiki lililosimama wima, limefungwa chini kwa nanga na kuvutwa juu na boya, lenye matawi pande zote, na kila tawi limetundikwa vipande vya tumbawe kwa uzi. Pale juu mchanga hauvifikii, konokono walao matumbawe hawawezi kuvitambalia, na maji hupita kila upande. Vipande vya aina zenye matawi hukua pale kwa kasi inayomfurahisha yeyote.

Kazi yenyewe si ya kifahari. Sehemu kubwa ya muda wa mzamiaji kitaluni ni kusafisha kwa mswaki, huu huu wa meno. Unashika tawi kwa mkono mmoja, unasugua uzi na bomba kwa mwingine, mwani unatoka kama vumbi la kijani, na samaki wadogo wanakuzunguka wakigombea unachokitoa. Ukikosa kwenda mwezi mzima, mwani unashinda. Mimi naamini vitalu vingi vinavyokufa haviuawi na joto wala dhoruba. Vinakufa kwa kukosa mtu wa kurudi.

Aina zenye matawi hukua haraka, lakini mwamba hausimami kwa matawi tu. Mifupa mikubwa ya mwamba hujengwa na yale matumbawe ya mviringo, mazito kama majabali, ambayo huongezeka kwa takriban sentimita moja kwa mwaka au pungufu. Nani angesubiri? Jibu lilikuja kwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa njema. Mwaka 2006, katika maabara ya Mote huko Florida, David Vaughan alikuwa akihamisha tumbawe ndani ya tangi likamvunjikia. Polipu wachache walibaki wamenata chini ya tangi, akawahesabu kuwa wamekufa. Baada ya muda mfupi akakuta wameongezeka maradufu na zaidi. Jeraha lilikuwa limewaamsha. Tumbawe lililokatwa hukimbilia kuziba kidonda chake, na ukingo wake ndio unaokua kwa kasi.

Tangu hapo ufundi ukawa huu: tumbawe hukatwa kwa msumeno wa almasi kuwa vipande vidogo vya sentimita moja hivi, vyenye polipu wachache. Kila kipande hubandikwa juu ya kisahani kama hiki mnachopitishiana, huoteshwa tangini kwa miezi, kisha hupelekwa baharini na kupandwa kwa kukaribiana juu ya fuvu la tumbawe kubwa lililokufa. Kwa kuwa vyote vimetoka kwa mzazi mmoja, vinapogusana havipigani. Vinatambuana na kuungana, vinakuwa ngozi moja. Kituo cha Mote chenyewe husema ukuaji huwa mara 25 hadi 50 ya kawaida. Lililo kubwa kwangu ni hili: tumbawe hukomaa kwa ukubwa wake kuliko kwa miaka yake. Ukilifunika fuvu la upana wa meza kwa ngozi hai ndani ya miaka michache, umeruka miongo.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi inajikwaa, na wengi hawajui kwamba imejikwaa.

Kipande kilichokatwa si mtoto. Ni mzazi yuleyule aliyegawanywa. Nikichukua tumbawe moja nikalikata vipande elfu moja, nikavipanda vyote, nimepanda tumbawe moja mara elfu. Aina nyingi za matumbawe zina mayai na mbegu za kiume katika mwili mmoja, lakini mbegu zake hazirutubishi mayai yake mwenyewe, au huyarutubisha kwa nadra sana. Basi usiku wa kuzaa ukifika, shamba lile zuri la vipande elfu litamwaga mayai yake yote, na mayai yale yataelea, yatapelekwa na maji, na hakuna kitakachotokea. Pia ugonjwa au joto litakaloua kimoja litaviua vyote. Kwenye picha shamba hilo linang'aa. Kwa vizazi vijavyo ni tasa.

Ndiyo maana mtu akiniambia wamepanda vipande vingi, swali langu la kwanza ni: vimetoka kwa wazazi wangapi?

Usiku wa kuzaa ni jambo ambalo sayansi ililijua majuzi tu. Mapema miaka ya 1980 kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha James Cook nchini Australia, Peter Harrison akiwa mmoja wao, waligundua kwamba kwenye Great Barrier Reef aina nyingi za matumbawe huzaa kwa pamoja, usiku wa siku chache baada ya mwezi mpevu, mara moja kwa mwaka. Kabla ya hapo vitabu vilifundisha kwamba matumbawe mengi hulea watoto tumboni.

Aliyewahi kuuona usiku huo hausahau. Unazama jua limekwisha tua, taa unaifumba kwa kitambaa chekundu ili usiyasumbue. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha unaona katika mdomo wa kila polipu kimetokeza kitufe cha rangi ya waridi, kidogo kuliko punje ya mtama. Kimebanwa pale, kinangoja. Halafu ghafla vitufe vinaachiliwa, maelfu kwa maelfu, vinapanda polepole kuelekea juu, kama mvua inayonyesha kutoka ardhini. Kila kitufe ni furushi la mayai na mbegu za kiume.

Wataalamu wa uzazi huweka nyavu zenye umbo la hema juu ya tumbawe, na chupa kwenye kilele, mafurushi yaingie yenyewe. Kisha ni mbio. Mafurushi hupasuka ndani ya nusu saa hivi, na mbegu hazidumu saa nyingi. Kwenye boti au maabara huchanganywa mayai ya huyu na mbegu za yule, wazazi wengi iwezekanavyo. Asubuhi una vijusi, na siku chache baadaye una viluwiluwi wanaogelea wakitafuta pa kukaa. Hawakai popote. Hupenda mwamba uliopakwa na ule mwani mgumu wa rangi ya waridi, unaofanana na rangi iliyomwagika juu ya jiwe. Akiupata, kiluwiluwi hujibandika na kuanza kujenga nyumba, na kuanzia hapo hahami tena maisha yake yote.

Harrison na wenzake wamewamwaga viluwiluwi wa namna hiyo kwa mamilioni juu ya miamba iliyokufa, chini ya mahema ya wavu ili wasipeperushwe na mkondo, na baadaye hata kwa chombo cha chini ya maji kinachojiendesha. Wanaofikia utu uzima ni wachache sana, sitaki kuficha hilo. Lakini kila anayebaki ni mtu mpya, mwenye damu ya wazazi wawili, ambaye bahari imemchuja yenyewe. Hao ndio wanaoweza kubeba kitu ambacho wazazi wao hawakuwa nacho.

Kuna wanaofanya usiku huo utokee ndani ya nyumba. Jamie Craggs wa Horniman Museum, London, ameyafanya matumbawe yazae ndani ya matangi kwa kuyaigizia joto la majira, urefu wa mchana na hata mbalamwezi. Mary Hagedorn wa Smithsonian amegandisha mbegu za kiume katika nitrojeni ya majimaji, na mbegu zilizogandishwa kutoka Florida na Puerto Rico zimerutubisha mayai ya tumbawe la Curaçao, kisiwa cha Karibi, wazazi ambao maji yasingewakutanisha kamwe. Wengine wanachagua wazazi wanaostahimili joto na kuwazalisha. Ustahimilivu unaongezeka kweli, ila kwa kiasi kidogo kwa kila kizazi, na bahari inapata joto haraka kuliko hivyo.

Juu ya mahali pa kupandia nitasema mambo mawili. Huko Sulawesi, Indonesia, uvuvi wa baruti uliigeuza miamba kuwa kifusi, na kifusi kile kilikuwa kinabingirika na kila wimbi kiasi kwamba hakuna kiluwiluwi aliyeweza kushika. Kampuni ya Mars na wanakijiji wa visiwa vya hapo wakalaza nyota za nondo zenye pembe sita, zimepakwa utomvu wa viwandani na mchanga, kila moja imefungwa vipande 15 hivi vya tumbawe. Nyota zikafungwa moja kwa nyingine mpaka zikawa wavu unaokibana kifusi kisitembee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba baada ya miaka minne mwamba uliopandwa ulikuwa unajenga chokaa kwa kasi sawa na mwamba mzima wa jirani. Yale ya mviringo yanayokua taratibu yalikuwa bado machache. Hata hivyo hilo ni jambo kubwa, na siri yake, nijuavyo mimi, ni kwamba walishughulikia kifusi kwanza, matumbawe baadaye.

La pili ni la huzuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nje ya Fort Lauderdale, Florida, matairi mabovu yapatayo milioni 2 yalizamishwa kwa nia ya kutengeneza mwamba. Watu walijitolea boti zao, walishangilia. Vifungo vikaoza, matairi yakaachana, na kila dhoruba ikayaburura juu ya matumbawe ya asili yaliyokuwa karibu. Wazamiaji wamekuwa wakiyatoa kwa miaka mingi, na kazi ni ngumu kuliko ile ya kuyatupa. Naomba kila mwenye wazo la kuzamisha gari, jokofu au chochote akiita mwamba ayakumbuke matairi hayo.

Mtaniuliza juu ya umeme. Ndiyo, ipo njia iliyoanzishwa na msanifu majengo Wolf Hilbertz na kuendelezwa na Thomas Goreau: fremu ya chuma hupitishiwa umeme hafifu, chokaa ya majini ikaganda juu ya chuma, na matumbawe yakafungwa hapo. Pemuteran, Bali, zipo fremu hizo tangu mwaka 2000, na ni nzuri kuzitazama. Tafiti juu ya kama umeme wenyewe hulikuza tumbawe zimegongana, kwa hiyo sijalipa jambo hilo uzito mkubwa. Sauti zinanivutia zaidi. Mwamba hai una kelele: kamba wanavyogonga magando, samaki wanavyonguruma. Uliokufa umenyamaza. Watafiti kwenye Great Barrier Reef waliweka spika chini ya maji, wakapiga sauti za mwamba hai juu ya vifusi, na samaki waliokuja walikuwa mara mbili ya kule kusikopigwa kitu. Na samaki ndio wanaokula mwani. Ningekuwa na spika hizo mwaka ule, labda kisahani hiki kisingekuwa cheupe.

Sasa nifike pale panaponiumiza. Julai 2023 maji ya Florida yalichemka. Kipimo kimoja katika ghuba ya Manatee, penye kina kifupi, kilisoma zaidi ya nyuzi 38, joto la maji ya kuoga. Kwenye mwamba wa Sombrero, ambako shirika la Coral Restoration Foundation walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, waliripoti kwamba matumbawe yote waliyoyakuta yalikuwa yamekufa. Yote. Wazamiaji wa vituo mbalimbali walishinda usiku na mchana wakiyang'oa matumbawe kwenye vitalu na kuyahamishia kwenye matangi ya nchi kavu, wengine wakishusha vitalu kwenye kina kirefu zaidi. Nawavulia kofia. Na nawaomba mtu yeyote asiwatumie kusema kwamba kuotesha kutatosha. Jopo la kimataifa la tabianchi lilikwisha sema wazi: dunia ikipata joto la nyongeza ya nyuzi 1.5, tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe. Ikifika 2, zaidi ya asilimia 99. Serikali au kampuni inayofadhili kitalu huku inaongeza moshi inajaza mtungi uliotoboka.

Basi kwa nini tuendelee? Kwa sababu siku joto litakapodhibitiwa, bahari itahitaji wazazi. Pasipo wazazi hakuna usiku wa kuzaa, hata maji yakipoa.

Mapitio makubwa ya mwaka 2020 yalikusanya taarifa za miradi 362 ya kurejesha matumbawe. Kwa wastani, vipande vilivyopandwa vilinusurika kwa kiwango cha asilimia 60 hadi 70. Si haba. Lakini miradi sita katika kila kumi ilifuatiliwa kwa chini ya miezi 18. Mwaka mmoja na nusu! Tumbawe katika umri huo bado ni mtoto. Tunaondoka kabla hatujajua kama atazaa.

Yapo waliobaki, na wameona. Curaçao, matumbawe ya matawi mapana yaliyokuzwa kutoka kwenye mayai yalikomaa na kuzaa yakiwa na umri wa miaka minne. Bolinao, Ufilipino, viluwiluwi waliomwagwa mwaka 2013 kwenye mwamba ulioharibika walikuwa wanazaa ndani ya miaka mitatu. Yale ya mviringo yaliyokatwa vipande vidogo na kupandwa Florida mwaka 2015 yalipitia joto, yakapitia kimbunga Irma mwaka 2017, yakapitia ugonjwa, na Agosti 2020 wazamiaji wakayakuta yanatoa mayai. Kwenye kisiwa cha Heron, Australia, watoto wa mwaka 2016 walizaa mwaka 2021.

Kwa hiyo ninyi mnaotoa fedha, toeni za miaka kumi, hata kama itabidi eneo liwe dogo. Ninyi mnaoandika ripoti, wekeni safu tatu: waliopandwa, walio hai, waliozaa, na ya tatu ikiwa tupu iacheni tupu, msiifute. Na ninyi wanafunzi, jifunzeni kuwajua pono kabla hamjashika gundi.

Naona kisahani changu kimefika safu ya nyuma, naomba kirudi. Ubavuni kina namba, imekwaruzwa kwa msumari. Huwa nakichukua ninapokwenda kupiga mbizi. Mwezi ujao mpevu nitashuka kwenye kipande cha mwamba tulichopanda miaka mitano iliyopita, wazazi kumi na saba tofauti, mahali penye pono wengi. Mwaka jana tulikesha majini usiku nne, hatukuona kitu. Safari hii tumepanga sita.